Siku Ihesabiwe Kuanzia Magharibi: Ushauri kwa Wasafiri wa Gari na Mahema Kati ya Maun na Kasane

Watu wengi wanaojitayarisha kwa safari ya gari na mahema katika nchi za kusini mwa Afrika hufanya bidii kubwa kuchagua gari, kununua hema na kuorodhesha mbuga watakazozuru, lakini ni wachache mno wanaokaa kitako kuifikiria siku ambayo hawatazuru chochote, yaani siku ya kuhama, ambayo kutwa nzima hupita barabarani baina ya kambi moja na nyingine. Wao huiona kuwa ni siku ya kupotea tu, ya kuvumiliwa ili mambo mazuri yaanze tena, ilhali kwa hakika hiyo ndiyo siku yenye hatari kuliko zote. Msafara unaweza kukaa majuma mawili jirani na simba na viboko usipatwe na dhara lolote, kisha ukaangamia kwa sababu ya saa moja ya pupa juu ya lami iliyonyooka.

Kwa hiyo nimeona vyema kuieleza siku moja ya namna hiyo kwa mapana yake, nikichukua kwa mfano njia ya Botswana ya kutoka Maun, mji ulio ukingoni mwa delta ya Okavango, hadi Kasane, ulio kando ya mto Chobe. Masafa yake yakaribia kilomita 600, zote lami: 300 hivi za kwenda mashariki mpaka Nata, kisha 300 nyingine za kupanda kaskazini mpaka Kazungula, na kutoka hapo ni mwendo mfupi tu. Ukitazama ramani utaona pia njia ipitayo Mababe na Savuti ndani ya hifadhi ya Chobe, ambayo kwa kilomita ni fupi zaidi kwa mbali, na hiyo imewaghuri wengi wakadhani ni mkato. Njia hiyo ni mchanga mzito, na mvua zikinyesha udongo mweusi wa Mababe hugeuka tope la kunasa hata gari linalovuta kwa magurudumu yote manne. Waijuao huigawa siku mbili au tatu, wakilala ndani ya hifadhi katika nafasi walizozilipia mapema, na atakaye kufika Kasane jioni ileile hana budi kupita Nata.

Jambo la kwanza, ambalo kwa rai yangu ndilo mama wa mengine yote, ni kuihesabu siku kuanzia mwisho wake. Nahodha wa jahazi haulizi tu bandari iko umbali gani, bali huuliza maji yatatoka saa ngapi, kisha huipanga safari yake yote kurudi nyuma kutoka saa hiyo. Na dereva wa nyika, kwake kutoka kwa maji ni kuchwa kwa jua. Katika miezi ya Juni na Julai, ambayo ndiyo wageni huipenda kwa ukavu na ubaridi wake, jua la Kasane huchwa karibu na saa kumi na mbili jioni, na kiza huingia upesi. Ikiwa wataka kupiga hema, kukusanya kuni na kula huku ungali unaona unachokula, yakupasa uwe umeingia kambini saa kumi alasiri. Hiyo saa kumi ndiyo nguzo ya hesabu yote. Msafiri atokaye Dar es Salaam au Nairobi akumbuke vilevile kwamba saa ya Botswana iko nyuma ya yetu kwa saa moja, na airekebishe saa yake siku ya kuwasili, kwa maana hesabu iliyofanywa kwa saa ya nyumbani itamdanganya katika kila nililoeleza hapa.

Sasa uhesabu kurudi nyuma. Sheria ya Botswana yaruhusu kilomita 120 kwa saa katika barabara kuu, na lami ile, kwa jinsi ilivyonyooka, humshawishi mtu azifikie. Lakini gari lenye hema juu ya keria, madumu ya maji na mafuta, na watu wanne na mizigo yao, si gari la kilomita 120. Breki zake huchukua masafa marefu zaidi kulisimamisha, na uzito ulio juu hulifanya liyumbe kila dereva anapokata kona ya ghafla kumkwepa mnyama. Kilomita 90 zatosha, na kwa mizani ya mwisho, ukijumlisha vijiji, vituo vya mafuta, malango ya ukaguzi na haja za watu, utajikuta umekwenda wastani wa kilomita 70 kwa saa. Kilomita 600 kwa mwendo huo ni saa nane na nusu na ziada kidogo. Ukiondoka Maun saa moja asubuhi, jua likichomoza, utafika kabla ya saa kumi kwa nafasi ndogo sana, na nafasi hiyo ndogo ndiyo itakayomezwa na pancha moja. Kwa hiyo safari hii ni kipimo cha juu kabisa cha siku moja kwa msafara wa mahema. Anayekuandalia ratiba yenye kilomita 800 baina ya kambi mbili hakutakii mema, hata kama ni sahibu yako.

Saa moja asubuhi haipatikani asubuhi, hupatikana usiku wa kuamkia. Jioni ya mwisho Maun, kabla hujaketi kula, jaza tangi la mafuta, maana asubuhi kituoni huenda pakawa na foleni. Jaza maji, lita tano kwa kila mtu kwa siku kwa uchache, na dumu la lita 20 la akiba ambalo haligusi mtu, kwa ajili ya rejeta au kwa siku gari likikataa mahali pasipo na mtu. Kisha funga kila kitu isipokuwa hema na vyombo vya chai. Mizigo mizito na ikae chini na katikati, wala isipandishwe juu ya keria kwa sababu tu kuna nafasi huko. Jeki, spana ya magurudumu, pampu na ubao wa kuwekea jeki juu ya mchanga viwekwe mahali pa kufikiwa bila kushusha sanduku hata moja, na hakikisha, kwa kulifungua na kulifunga kwa mikono yako mwenyewe, kwamba gurudumu la akiba latoka mahali pake. Gari la kukodi laweza kuwa na nati iliyoshika kutu tangu lilipotoka kiwandani, na mahali pa kuligundua hilo ni uani mwa kambi, si kando ya barabara jua la saa saba likichoma.

Matairi nayo yastahili kuangaliwa peke yake. Ikiwa ulipunguza upepo ili kupita mchangani katika hifadhi ya Moremi, urudishe wote kabla ya kukanyaga lami, kwa sababu tairi lenye upepo haba likienda kwa kasi hujipinda bila kukoma, likapata moto kutoka ndani, na mwishowe hupasuka lote kwa pamoja. Kipimo cha upepo ni chombo kizuri, lakini kipo kipimo kingine kisichohitaji fedha: kila mnaposimama, kabla dereva hajanyoosha mgongo, na alizunguke gari, aweke kiganja juu ya ubavu wa kila tairi kwa zamu. Yote yatakuwa na joto, nalo ni joto la kawaida. Ila akikuta moja lenye joto kuliko wenzake, hata kama kwa macho limesimama sawa, basi lile lapoteza upepo kidogo kidogo, na hapo ana dakika chache za kulibadilisha kwa utulivu badala ya kulibadilisha kwa msiba. Kazi hii yote haichukui muda wa kumaliza kikombe cha chai.

Kipande cha kwanza, cha Maun hadi Nata, ni cha mifugo. Ng'ombe wa Botswana ni mali na heshima ya watu, nao hulisha kando ya lami wakiwa na utulivu wa mwenye shamba. Mbuzi huvuka bila taarifa. Na punda, ambao rangi yao yafanana na vumbi, husimama katikati ya barabara wasiondoke hata kwa honi. Ng'ombe mmoja akivuka, usimwangalie huyo aliyevuka, mwangalie aliyebaki upande wa pili, maana huyo ndiye atakayemfuata mwenziwe mbele ya bampa yako. Punguza mwendo kila uonapo kibao cha kijiji, si kwa kuwaogopa askari wa barabarani tu, ingawa nao wapo na vyombo vyao vya kupimia kasi, bali kwa sababu kijiji cha nchi hiyo chaanza kabla nyumba hazijaonekana.

Katikati ya kipande hicho barabara hupita kati ya Nxai Pan, iliyo kaskazini, na Makgadikgadi, iliyo kusini, mabaki ya ziwa kubwa la kale lililokauka na kuacha uwanda wa chumvi usio na mwisho wa macho. Hapa ndipo kishawishi huja. Utaona njia ya vumbi ikichepuka kuelekea weupe ule, na mmoja wenu atasema twende dakika 20 tupige picha. Mjibuni kwa upole kwamba si leo. Uwanda ule hudanganya: juu ni ganda kavu lililopasukapasuka, gumu chini ya kiatu, na chini yake, kwa kina cha kiganja tu pengine, ni tope la chumvi ambalo halikukauka tangu mvua zilizopita. Gari likilivunja ganda hushuka mpaka tumboni, na hakuna mti wa kufungia kamba wala jiwe la kuweka chini ya gurudumu. Makgadikgadi yastahili siku zake yenyewe, pamoja na mwenyeji anayeijua njia na gari la pili la kulivuta la kwanza. Asiyekuwa na hayo asimame Gweta, penye mibuyu mikubwa, anyooshe miguu, ajaze mafuta, aendelee.

Katika njia hii pia utasimamishwa kwenye malango ya idara ya mifugo, jambo ambalo huwashangaza wageni na wengine huwaghadhibisha bila haki. Nyati wa porini hubeba ugonjwa wa miguu na midomo pasipo kuumwa, na nchi ile huuza nyama ya ng'ombe ng'ambo, hata Ulaya. Kwa hiyo imeigawa ardhi kwa nyua ndefu, na haikubali nyama mbichi itoke sehemu za nyati kuingia sehemu zilizo safi. Nyama uliyonunua Maun kwa ajili ya kuchoma Kasane huenda ikabaki mikononi mwa ofisa wa lango. Imalizeni usiku wa mwisho, mkanunue nyingine mwendako. Mtatakiwa pia kushuka na kukanyaga kitambaa kilicholowa dawa, na gari kupitishwa kwenye dimbwi la dawa hiyohiyo, na pengine mtaulizwa viatu vingine viko wapi. Vikiwa chini ya mahema, mtashusha mahema. Viwekeni vyote katika mfuko mmoja karibu na mlango. Na kabla ya neno lolote, msalimie ofisa: sema dumela rra kwa mwanamume, dumela mma kwa mwanamke, ungoje ujibiwe, ndipo ulete haja yako. Sisi tuliolelewa kwa shikamoo na marahaba hatuhitaji kuelezwa sana jinsi mlango unavyofunguka kwa salamu, lakini nimeona uchovu wa barabara ukiwasahaulisha hata watu wa murua.

Nata ni kijiji cha njia panda, na ndipo mahali pa kukata shauri. Ikiwa mmefika kabla ya saa tano na nusu, endeleeni. Ikiwa saa sita na nusu imepita, kwa pancha au kwa uzito wa kuamka, basi yatosha. Pana kambi Nata na jirani yake, pigeni hema, na Kasane itawangoja hadi kesho. Nasema hivi kwa msisitizo kwa sababu hapa ndipo aibu na ubishi huingia: nafasi ya Kasane imekwisha lipiwa, mwenzenu mmoja ana hamu ya kuona mto, na hakuna atakaye kuwa wa kwanza kusema tumechelewa. Kiongozi wa msafara alitamke hilo tangu jana yake, kwamba saa fulani ndiyo mpaka, ili ikifika isiwe hukumu ya mtu bali ya makubaliano.

Chakula cha mchana kiwe chepesi. Chapati zilizokunjwa tangu asubuhi, mayai ya kuchemsha, tende, chungwa na chai ya chupa vyatosha, na viliwe nje ya gari, chini ya kivuli, kwa nusu saa kamili. Atakayekula sahani ya ugali na nyama saa sita, kisha akashika usukani saa saba, atapambana na usingizi katika saa mbili zilizo mbaya kuliko zote, barabara ikiwa imenyooka, miti ya mopane ikijirudia pande zote mbili kama kwamba gari haliendi. Hapa madereva wabadilishane, wala asingojwe aliyeko usukani kusema nimechoka, maana usingizi huanza kwa kumwondolea mtu uwezo wa kujijua. Aketiye kando ya dereva naye ana dhima: asilale, wala asizame katika simu, kazi yake ni kutazama ukingo wa pori upande wa kushoto, kumpa dereva maji, na kuzungumza naye. Wa nyuma walale wapendavyo.

Kutoka Nata kwenda kaskazini, mifugo hupungua na tembo huanza. Botswana ina tembo zaidi ya 130,000, wengi kuliko nchi yoyote nyingine duniani, na barabara hii hupita baina ya misitu ya Chobe na hifadhi ya Hwange ya Zimbabwe, ambako wanyama huenda na kurudi pasipo kuijali lami. Jifunze kusoma barabara. Kinyesi cheusi chenye unyevu juu ya lami, matawi yaliyovunjwa yenye majani ambayo bado hayajanyauka, mchanga mwekundu uliomwagika kutoka ukingo mmoja hadi mwingine: ukiviona hivyo, shuka mpaka kilomita 60, kwa sababu aliyeviacha hayuko mbali. Ukimwona mmoja, simama mbali, mita 100 si nyingi, injini ikinguruma, na uache nafasi ya kurudi nyuma. Usipite kati ya mama na mtoto, usipige honi, usiwashe na kuzima taa. Akipanua masikio na kukuelekea, rudi nyuma taratibu. Watavuka wote, na mara nyingi yule unayemdhania wa mwisho hufuatwa na wengine watatu.

Na hapa ndipo ilipo sababu ya saa kumi alasiri. Usiku, ngozi ya tembo hunywa mwanga wa taa pasipo kuurudisha, na macho yake yako juu sana kuliko zinakomulika taa, kwa hiyo dereva huona kiza juu ya kiza mpaka imebaki hatua chache. Katika barabara hii hii hupita usiku na mchana malori ya shaba na bidhaa baina ya Afrika Kusini, Zambia na Kongo, na ukisimama Pandamatenga kuongeza mafuta si ajabu ukasikia Kiswahili cha Lubumbashi kutoka dirishani mwa lori. Waulizeni hao habari za njia iliyo mbele, kwa taadhima inayowastahili watu wa kazi. Wao huijua hali ya mashimo na mahali tembo walipovuka asubuhi ile kuliko kitabu chochote cha wageni.

Mkifika Kasane kwa wakati, msikimbilie kwanza mtoni. Chagueni mahali pa hema jua likiwa bado juu: mbali na ukingo wa maji, kwa ajili ya mamba na viboko, nje ya vijia vilivyokanyagwa vikawa vigumu, kwa sababu hivyo ni njia za viboko na tembo, wala si chini ya tawi kavu. Machungwa yaliyobaki yaliwe au yatolewe kabisa, maana tembo huifuata harufu yake kwa masafa marefu na hema haliwi kizuizi kwake. Gari lielekezwe kichwa nje, ufunguo ukae mahali panapojulikana na wote, na kila mtu awe na tochi yake kabla ya magharibi. Kasane ya leo ina maduka na umeme, lakini mwezi wa Januari 1962 Nelson Mandela alipopita hapo kwa ndege ndogo, akitoroka kuelekea Mbeya na Dar es Salaam, kiwanja kilikuwa kimejaa maji wakalazimika kutua porini. Na pori hilo, kwa tabia yake, halijahama.

Siku inayofuata isiwe ya barabara. Hata kama Zambia iko ng'ambo tu, na daraja la Kazungula lililofunguliwa Mei 2021 limeondoa ule ungojaji mrefu wa pantoni, mpakani kuna karatasi za kukaguliwa, ikiwemo barua ya mwenye gari kama ni la kukodi, na ubongo uliochoka hukosea karatasi kama unavyokosea breki. Tumieni asubuhi kukung'uta chujio la hewa, kupima oili gari likiwa limepoa, kukaza nati za magurudumu na za keria ambazo mtikisiko huzilegeza, na kuosha viatu. Alasiri pandeni mashua ya mto Chobe, dereva akiwa abiria.